Mkono wa gia usifungwe kwa kubahatisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe mafundi na wateja wao jambo linalopuuzwa mno katika gereji zetu za Dar es Salaam, nalo ni ufungaji wa mkono wa gia katika magari ya otomatiki.

Mengi ya magari haya yalitumika kwanza Japani, na kadiri yanavyozeeka, bushi (kipete) ya plastiki iliyo kwenye ncha ya kebo inayounganisha mkono wa gia na giaboksi hulika au kupasuka, mkono ukaanza kulegea. Fundi hutafuta mkono uliotumika, hukaza bolti, huwasha gari, na kazi huhesabiwa imekwisha. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa kebo isiporekebishwa upya, mkono waweza kusimama kwenye P (ya kuegesha) ilhali giaboksi haijajifunga, na gari lililoegeshwa mteremkoni likaondoka lenyewe, pengine likiwa na watoto ndani.

Fundi makini huvuta handibreki, huweka kabari kwenye magurudumu, huweka giaboksi na mkono kwenye N (gia huru), ndipo anapokaza nati ya kebo. Kisha huhakikisha kwamba injini inawaka kwenye P na N pekee, na kwamba, katika magari yenye kufuli ya mkono wa gia, mkono hautoki P bila breki kukanyagwa. Nimeshuhudia kufuli hiyo ikiondolewa makusudi kwa sababu waya wake ulikatika, na mwenye gari hakuambiwa lolote.

Mteja naye asilipe kabla majaribio hayo hayajafanywa mbele ya macho yake.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam