Mama, msomee mjomba barua hii

Mama shikamoo,

Natumaini wote hamjambo hapo Morogoro, mimi mzima, baridi tu ndo inanipelekesha. Jana nilikuwa ofu nikaenda kukaa Birkenhead Park, bustani ya umma ya mji huu wa Birkenhead hapa Uingereza, nikakumbuka lile bonde letu nyuma ya soko na maneno ya mjomba kwamba kinamasi kile hakifai kitu, bora kigawiwe viwanja kiishe.

Mjomba, hapa nako palikuwa kinamasi. Huu mji ni wa kuunda meli, Liverpool iko ng'ambo ya mto, na enzi hizo watu walimiminika kutafuta kazi mpaka wakabanana. Mwaka 1843 wakubwa wa mji wakapata sheria bungeni ya kutumia hela ya umma kutengeneza bustani, wakanunua ekari 226 za malisho yenye majimaji, ekari 125 wakawatengea wananchi, pembeni ndo wakauza viwanja vya nyumba na hela yake ikajenga bustani yenyewe. Yaani viwanja waliuza lakini katikati hawakugusa! Mchoraji wao Joseph Paxton akachimba maziwa mawili maji yakakusanyika humo, udongo uliotoka akafanyia vilima, na jana nimeona watoto wanabiringika kwenye hivyo hivyo vilima, nguo zimejaa majani.

Ikafunguliwa 5 Aprili 1847. Mwaka 1850 akapita Mmarekani, Olmsted, muoka mikate mmoja wa hapa akamsihi asiondoke bila kuiona, akaduwaa kukuta bustani nzuri vile ni ya kila mtu hata maskini, baadaye yeye na mwenzake ndo wakachora Central Park ya New York.

Mvua ilinikuta kwenye daraja la mbao lenye paa, nikajibanza na mzee mmoja aliyefanya kazi ya kuchomelea meli ujana wake wote, vidole vimekakamaa, anawarushia bata mahindi. Akasema kila Jumapili alikuwa anakuja hapa na wanawe, kiingilio hakuna. Mama, nilimuwaza baba. Akitoka kiwandani anakaa kwenye kile kibaraza mpaka giza, hana pa kutupeleka.

Mjomba, wewe ni mjumbe, kwenye kikao waombe waache hata ekari tano katikati, pachimbwe bwawa, ipandwe miembe. Na Mama, kama wapimaji washaweka bikoni nibipu leo leo, nitampigia mjomba mwenyewe.

Mwanao