Kwa nini hatuongezi tu taimauti

Malalamiko yamerudi tena wiki hii. Mteja ambaye ripoti yake nzito ilikuwa ikikatika kabla ya kumaliza kaona ankara yetu ya kazi ya foleni, yaani kuipanga ripoti ifanywe pembeni kwa zamu. Kaambiwa na mtu wake wa kompyuta kwamba hapo ni kubadilisha namba moja tu, ya taimauti (muda ambao seva husubiri jibu kabla ya kukata), akajiona kapigwa.

Namba ipo kweli. Nginx, seva inayopokea maombi ya watumiaji na kuyapitisha, isipoguswa, husubiri jibu la programu iliyo nyuma yake sekunde 60, kisha humpa mtumiaji kosa 504 (jibu limechelewa). Andika 600 badala ya 60, na kosa litapotea. Kazi hiyo hatuitozi hata senti.

Ila ripoti inabaki nzito vilevile, na michakato ya seva ya kupokea maombi, kila mmoja na ombi moja kwa wakati, ina idadi yake. Ikiwa ni 10 na watu 10 wamebonyeza ripoti ya mwaka, wa 11 anayetaka kuingia tu kwenye akaunti yake anakwama. Halafu mtumiaji akichoka kutazama kiduara kinachozunguka, anabonyeza upya. Kivinjari kimeliacha ombi la kwanza, lakini mara nyingi hifadhidata bado inalihangaikia. Sasa kazi ni mbili.

Tuliwahi kuitwa kwenye mfumo wa kutuma hati za mishahara kwa barua pepe, taimauti ikiwa imeshapandishwa. Mhasibu alikuwa amebonyeza na kubonyeza. Kuchambua nani kapata mara tatu na nani hajapata kabisa kuligharimu kuliko foleni yenyewe. Mteja mwingine alipandisha taimauti ya Nginx na ya PHP (lugha iliyoandikiwa programu yake), akasahau kigawa maombi kilichokaa mbele ya seva zote, nacho kina sekunde zake 60. (Huyo alilaumu intaneti.)

Sisi ombi tunaliweka kwenye foleni. Seva inajibu papo hapo 202 (ombi limepokelewa) pamoja na namba ya kazi, mchakato wa pembeni unaifanya, na ukurasa unauliza kila baada ya sekunde chache imefika wapi. Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Muda wetu unaliwa na maswali mengine: kazi ikikatika katikati ianzie wapi, ikirudiwa isitume barua mara mbili, ikishindwa nani aarifiwe. Hayo hayaonekani kwenye skrini, ila kwenye ankara yanaonekana.

Na kabla ya kukuandikia bei tunaipima ripoti yenyewe. Zipo zilizokosa faharasa tu (orodha inayoisaidia hifadhidata kupata data haraka) kwenye jedwali; ikiwekwa, dakika zinakuwa sekunde, na hapo foleni hatukuuzii.