Karata 60 zinatosha

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na vijana wanaocheza Magic: The Gathering, mchezo wa karata za kukusanya uliobuniwa na mwanahisabati wa Marekani, Richard Garfield, na kuanza kuuzwa mwaka 1993. Hapa Wete nawaona barazani baada ya sala ya alasiri, na kosa lao kubwa ni kudhani kuwa jozi nene, yaani fungu la karata nyingi analochezea mtu, ndiyo yenye nguvu.

Mpwa wangu alikuwa na karata 80 katika kopo la biskuti, na hakukubali kuondoa hata moja. Jioni moja nilimtazama akifungwa na binti mdogo kuliko yeye, naye ameshika karata sita nzuri asizoweza kuziteremsha, kwa kuwa mezani alikuwa na ardhi moja tu, na ardhi ndizo zinazolipia karata nyengine. Alilaumu bahati. Nilipozihesabu, nilikuta ardhi 15 katika zile 80, ilhali wachezaji wengi huweka kama 24 katika 60. Anayetaka kummaliza mpinzani mapema kwa karata nyepesi, zinazolipiwa kwa ardhi chache, hupunguza kidogo, na anayengojea karata nzito huongeza.

Kanuni ya kawaida inataka jozi isipungue karata 60, na karata ya jina moja isizidi nne, isipokuwa ardhi za msingi. Kila mchezaji huanza na karata saba mkononi. Basi mwenye karata 60, akiweka nne za ile anayoitegemea, ana nafasi ya takriban asilimia 40 ya kuanza nayo, lakini mwenye 80 nafasi yake hushuka hadi asilimia 31, maana kila karata anayoizidisha kwa sababu anaipenda tu huizika ile iliyo bora. Nilimwandikia mpwa wangu hesabu hiyo nyuma ya daftari lake la skuli, akaisoma mara mbili.

Kwa hivyo nawaomba wazazi wanaoombwa fedha za pakiti mpya kila wiki wakae kwanza na watoto wao, wazimwage karata zote mkekani, na wamtake mtoto aeleze kila moja inasaidia nini katika njia yake ya kushinda. Asiyeweza kueleza, aitoe. Mpwa wangu amefika 64, na hizo nne bado zinamuuma kuziacha.

Mwalimu wa hisabati,
Wete, Pemba