Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Walezi, Vipimajoto na Sufuria ya Supu

Ndugu wanachama,

Mwaka huu umenithibitishia kwamba idara ya afya haibadiliki kwa kurundikiwa miongozo. Hubadilika pale ofisa aliyewahi kukosea akajirekebisha anapoingia jikoni bega kwa bega na mwenzake.

Mnavijua viwango tisa vya FDA, yaani mamlaka ya shirikisho ya chakula na dawa, vya usimamizi wa usalama wa chakula katika migahawa na maduka ya Marekani. Idara hujiunga kwa hiari, hujitathmini, kisha huhakikiwa. Penye kazi ni kujitathmini, maana kukiri kasoro kwa mkono wako mwenyewe kunauma.

Idara moja tuliyoipatia mlezi, yaani ofisa mzoefu wa idara nyingine wa kuiongoza, ilikuwa imejipa alama nzuri katika kiwango cha nne, kinachodai wakaguzi wote wakague kwa namna moja. Mlezi hakubisha. Aliomba fomu za mkahawa mmoja, zilizojazwa na wakaguzi wawili. Mmoja alieleza jinsi supu ilivyopozwa. Mwingine aliandika vigae vilivyopasuka, joto la chakula hakuligusa kabisa.

Wakaenda wote jikoni. Chakula kilichopikwa kinatakiwa kishuke kutoka nyuzi 57 za Selsiasi hadi 21 ndani ya saa mbili, na kifike 5 kabla saa sita hazijatimia tangu kianze kupozwa. Pale sufuria nzima ya supu ilikuwa imefunikwa na kusukumwa kwenye friji. Juu ilikuwa baridi, katikati bado moto. Mkaguzi kijana alisema hakuna aliyewahi kumwonyesha kuchomeka kipimajoto hadi katikati. Maneno yale yalinigusa sana, kwa sababu kiwango cha pili kinataka ofisa mpya afanye kaguzi 25 pamoja na mkufunzi, na sisi wazoefu ndio tuliotakiwa kuwa naye.

Si kila ulezi ulifika mwisho. Mmoja ulikatika ofisa aliyekuwa akiushughulikia alipohama. Kosa ni letu uongozini: tulipatana na mtu badala ya idara. Kuanzia sasa makubaliano yatasainiwa na mkuu wa idara, na maofisa wawili watashika kazi hiyo.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini.

Tunahitaji walezi zaidi, hasa kutoka idara zilizowahi kukwama kwenye uhakiki zikarudi tena. Mpeni katibu majina yenu kabla hatujatawanyika leo.