Dawati la Jinsia si la wanawake peke yao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja iliyopamba moto vibarazani hapa Ngamiani, Tanga, kwamba siku hizi waume wanapigwa na wake zao sawasawa na wake wanavyopigwa na waume zao.

Wasemao hivyo hawakosi pa kushikia. Mwanasaikolojia wa Uingereza, John Archer, alipokusanya tafiti nyingi, zaidi zikiwa za Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka 2000, alikuta wanawake wamezidi kidogo katika kuinua mkono dhidi ya wenzi wao. Ila miongoni mwa waliojeruhiwa, asilimia 62 walikuwa wanawake. Kuhesabu makofi, basi, hakutuambii ni nani anayesikia mlango ukifunguliwa usiku akaanza kutetemeka. Msomi wa Marekani, Michael Johnson, alikwisha kutenganisha mwaka 1995 ugomvi unaowalipukia wote wawili na ukatili wa kumtawala mwenzio kwa vitisho, kumshikia pesa na kumkataza kwenda kwao, ambao kwa sehemu kubwa hufanywa na wanaume.

Hata hivyo, kuwa wachache si kutokuwapo. Jirani yangu, fundi seremala, alimwagiwa maji ya moto na mkewe, akawa anashinda na shati la mikono mirefu katika joto la Machi, akiulizwa anajibu kuwa birika lilimteleza. Barazani tukasema kalishwa limbwata, nami, nakiri, nilicheka pamoja na wenzangu. Alipojikaza kwenda kituo cha polisi kuomba PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitalini aliyejeruhiwa, askari wa zamu alimwuliza kama yeye ni mwanamume kweli, naye akarudi mikono mitupu.

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, awe mume au mke. Kwa hiyo naomba maofisa wa Dawati la Jinsia na Watoto, lile la polisi la kupokea malalamiko ya ukatili, wamsikilize kila mlalamikaji faraghani, mbali na mwenzake na mbali na kaunta, na kabla ya kuuliza nani alianza, wamwulize kama anaogopa kurudi nyumbani.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga