Mama mdogo anasema nilikuwa nacheza tu

Anti shikamoo. Naandika saa tisa usiku sijalala, na baridi ya huku Mbeya mwezi wa saba unaijua, nimekaa jikoni na blanketi mbili maana chumbani mume wangu anasema mwanga wa simu unamsumbua. Naomba jina langu usilitoe, na hata lile jina la kwenye mchezo wa TV niliocheza utotoni usilitaje ukilijua, Mwanjelwa yote itajua ni mimi. Mpaka leo wateja wa mchele wananiita hilo hilo, watu wazima wenzangu, eti hebu lia kidogo kama zamani tukuone. Nacheka nawapimia mchele wao wanaondoka.

Ule wakati Anti utakuwa unaukumbuka. TV zenyewe huku Bara zimeanza 1994, mpaka 2001, 2002 mtaa mzima unakuta TV nyumba moja, siku ya mchezo watu wanajazana mpaka dirishani. Akina Kaole wako ITV, marehemu Kanumba ndo anaanza kujulikana. Sisi hatukuwa Kaole, letu lilikuwa kundi dogo, lakini mchezo wetu ulipendwa jamani. Mimi nilikuwa yule mtoto yatima anayeteswa na mama wa kambo, wamama walikuwa wananishika barabarani wananipa hela ya maandazi wanalia wenyewe.

Nilichukuliwa Tukuyu kwa mama nina miaka 8. Mama mdogo alisema anakuja kunisomesha Dar. Kusoma nilisoma ndio sitaki kumsingizia, ila siku za kurekodi zilikuwa siku za shule na darasa la saba nikafeli. Nilipofika miaka 13 nimeanza kuota matiti dairekta akasema mtoto kakua huyu, kwenye mchezo wakaniua kwa malaria, na wiki ile ile nikapandishwa basi la Mbeya na begi moja. Nimetapika Kitonga yote. Mama yangu alinipokea stendi akaniuliza umeleta nini, nikamwambia sijaleta kitu, hakuniuliza tena mpaka amekufa 2009.

Sasa mama mdogo yuko kwangu tangu mwezi wa kwanza. Ana kisukari, ana kidonda mguuni, wanawe wa Dar wote wako bize. Nimempokea mimi. Nachemsha maji, natia chumvi, namsafisha asubuhi na jioni kabla sijaenda kufungua banda, silalamiki kwenye hilo. Wiki iliyopita tunaenda kliniki akasema kadi iko kwenye bahasha ya nailoni chini ya nguo. Nimetoa kadi imetoka na karatasi imekunjwa mara nne. Vocha ya malipo. Wino wa bluu umefifia lakini unasomeka, jina langu kamili mpaka la babu, halafu msanii mtoto, vipindi vinne, shilingi 40,000, na chini sahihi yake yeye. Miaka yote nilikuwa najua watoto walikuwa hawalipwi, ndivyo alivyoniambia, kwamba wakubwa tu ndo wanapewa nauli.

Nimemuuliza kwa adabu kabisa, wala sikupaza sauti. Akaniangalia akasema hela gani, wewe ulikuwa unacheza tu, mimi ndo nilikuwa nafanya kazi. Nani alikuwa anapanda na wewe daladala mbili, nani alikuwa anakufulia. Ulikuwa unacheza.

Anti hilo neno halitoki kichwani. Nikipima mchele nalisikia. Na ni kweli alikuwa ananipeleka, nikisinzia kwenye daladala alikuwa ananipakata, siwezi kukataa. Lakini vyumba vitatu vya Mbagala vilijengwa miaka ile ile, na mwanawe alisoma bweni la kulipia miaka ile ile, halafu mimi nilikuwa nacheza.

Ngoja nikwambie nilivyokuwa nacheza. Dairekta alikuwa anataka machozi ya kweli. Wakubwa walikuwa wanapakwa kitu chini ya macho wanalia, mimi kilikuwa kinaniwasha mpaka siwezi kusema maneno yangu. Basi kamera ikiwa tayari mama mdogo anakuja, ananiinamia sikioni, ananiambia mama yako kasema hakutaki tena, hatakuja kukuchukua. Naanza kulia hapo hapo. Sini ikiisha wote wananipigia makofi, ananipa soda. Kila wiki, na kila wiki nilikuwa naamini, sijui kwa nini nilikuwa naamini kila mara.

Juzi nimekosa usingizi hivi hivi nikawa natafuta kwenye simu, hela za watoto wanaoigiza zinaendaga wapi. Nikamkuta mtoto wa Marekani, Jackie Coogan, yule aliyecheza na Charlie Chaplin mwaka 1921. Kakua, baba yake ameshakufa kwa ajali ya gari, anauliza hela zake anakuta mama yake na baba wa kambo wameshazila, mamilioni, akawapeleka mahakamani 1938. Unajua walijitetea nini? Kwamba mtoto alikuwa anafurahia, alidhani anacheza tu mbele ya kamera. Anti, Marekani huko, miaka yote hiyo, neno ni lile lile. Nimelisoma mara tatu nikalia mpaka nikaziba mdomo na kanga. Yeye aliambulia dola 126,000 tu, ila California wakatunga sheria 1939, sa hivi asilimia 15 ya hela ya mtoto inawekwa kwenye akaunti mzazi haigusi. Mimi sitaki kumpeleka mtu mahakamani. Mtu mwenyewe namwogesha. Nilitaka aseme tu kwamba ile ilikuwa kazi.

Sasa kilichonifanya niandike. Kuna watu wa tamthilia walikuja kufanya usaili hapa mjini wamemchagua binti yangu, ana miaka 9. Wanamtaka Dar miezi mitatu, shule watajua huko huko. Mume wangu kafurahi, banda letu liliungua na soko la Sido 2017 mpaka leo hatujasimama vizuri, anasema hela ikija kwa njia ya mtoto ni baraka. Dada mmoja tunaimba naye kwaya, anajua mambo ya sheria, kaniambia Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema ajira ni kuanzia miaka 14. Nimemwambia mume wangu, kanijibu hiyo siyo ajira mama, mtoto anaenda kucheza. Na yeye! Na mama mdogo kutoka kitandani anasema mguu ukipona ataenda naye yeye, maana ndo anayajua hayo mambo.

Mimi nimekataa, mtoto haendi. Utauliza nani alimpeleka usaili. Nilimpeleka mimi, lakini alikuwa ananililia wiki nzima, rafiki zake wote walikuwa wanaenda, na nilijua hawatamchukua, walikuwa watoto zaidi ya mia pale. Tena Anti ana kipaji kunizidi, nikimwangalia nasisimka, nikimnyima nitakuwa nimemfanyia nini?

Kwenye usaili waliwaambia watoto walie. Wa kwangu akashindwa, anacheka anaangalia chini. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nikainama nikamwambia kitu sikioni. Nilimwambia mama anaondoka hatarudi. Sikupanga Anti, naapa, ilitoka yenyewe. Akalia, wakaangaliana, wakaandika jina lake.

Tangu siku ile akiamka usiku anakuja kuhakikisha kama nipo. Sa hivi hivi alikuwa amesimama mlangoni hapa, nimemrudisha kalala.

Wanataka jibu Jumamosi. Nimwambieje mtoto? Mama mdogo naye nimrudishe Dar kwa wanawe kabla kidonda hakijafunga, au ndo nitaonekana sina utu? Nijibu haraka tafadhali, na usiniambie nimsamehe, nimeshaambiwa kanisani. Kumekucha sasa, anaita, anataka uji.

Msomaji wako, Mbeya