Barua kwa mwanangu mlinda lango

Saint Paul, Minnesota
14 Aprili 2024

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Idi tulisali Jumatano na pilau ikapikwa, ila haikuwa ya kuandikiwa barua. Nataka nikwambie nilikokwenda jana, maana ukisikia kwa mtu mwingine utasema baba kaingiwa na wazimu.

Nilikwenda kutazama hoki. Si hiyo yenu ya nyasini, ni ya barafu: fainali ya vyuo vikuu vya Marekani, hapa hapa mjini, Xcel Energy Center. Mwenzangu wa kazini alikuwa na tiketi mbili, mkewe akaugua, nikaokota bahati mimi. Nikavaa koti juu ya koti. Kumbe ndani baridi yenyewe si ya kutisha, ni kama kusimama mbele ya friji iliyosahauliwa wazi.

Kwanza walinishangaza mashabiki. Zinazocheza ni timu mbili, Denver na Boston College, lakini katika watu zaidi ya 18,000 unaona jezi za kila chuo: Michigan waliofungwa 4-0 Alhamisi, hata North Dakota na Wisconsin ambao hawakufika nne bora. Wapo wanaokuja kila mwaka, timu yao iwemo isiwemo. Hebu fikiria mtu wa Gor akate tiketi akawatazame Leopards na Bandari, akae na jezi yake ya kijani, na jirani amgawie njugu.

Mchezo una kasi, mama! Sita kila upande pamoja na kipa, vipindi vitatu vya dakika 20, na wanabadilishana mchezo ukiendelea, wanaruka ukuta kama watoto waliofumaniwa kwenye mwembe wa watu. Mpira wenyewe ni kisahani cheusi cha raba, wao husema paki. Kipindi cha kwanza chote sikukiona vizuri. Nilitazama vichwa vya watu vimegeukia wapi, nami nikageuka.

Boston ndio waliokwisha kupewa kombe midomoni mwa watu. Wana kijana, Cutter Gauthier, kafunga mabao 38 msimu huu. Denver walifika kwa kujikokota: 2-1, 2-1, tena 2-1, mbili kati ya hizo kwa muda wa nyongeza. Kipindi cha pili wakapata mawili, la Jared Wright na la Rieger Lorenz. Kisha kazi ikawa kuyalinda.

Hapo ndipo nilipokukumbuka. Boston walimiminika kipindi cha tatu kama maji ya masika, na kipa wa Denver, Matt Davis, akazuia mashuti 23 kipindi hicho peke yake. 35 mechi nzima. Niliacha kuitafuta paki nikawa namtazama yeye. Anaanguka, na kabla hajatua keshajua inatokea wapi tena. Na ile ya kugusa mwamba wa goli bila kugeuka nyuma, ili ajue amesimama wapi! Wewe hufanya hivyo hivyo. Nilikuona katika ile mechi yako moja niliyokuja, nikadhani ni wasiwasi.

Nilikuja moja, na mapumziko nikaondoka kuwahi matatu. Tena, bora ulisikie kwangu: nilimwambia mama yako kwamba umewekwa golini kwa sababu hujui kukimbia.

Ikaisha 2-0. Ni kombe la 10 la Denver, hakuna chuo chenye mengi hivyo. Michigan wana 9. Usiku nilipofika nyumbani usingizi haukuja.

Mama yako aliniambia zile pedi za miguu ulizoachiwa na dada zako wa kidato cha nne zimepasuka. Kanyaga karatasi, uchore mguu kwa kalamu, mama apige picha anitumie. Chora yote miwili, maana wa kushoto ni mkubwa kidogo.

Babako